Muulize Shangazi: Baba watoto anataka Maine, mama mkwe hataki hata kusikia

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisitiri jina. Mimi ni mama wa watoto wanne, Mkongo wa Fizi, ila nimekulia Nyarugusu pale Kasulu, nimeolewa palepale kambini na wawili wa kwanza nimewazalia palepale. 2016 tukaitwa, tukapanda ndege, tukaletwa Houston. Hatukuchagua sisi, unajua inavyokuwa, unaonyeshwa karatasi imeandikwa Texas, unasaini, unamshukuru Mungu.

Sasa imefika karibu miaka kumi. Kodi ya apatimenti tulianza na dola 980 saivi ni 1,640, vyumba vitatu, watu saba ukimhesabu mama mkwe. Baba watoto anafanya shifti ya usiku weahausi, dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi, watoto anawaona vizuri Jumapili tu. Mie nasafisha vyumba hotelini siku nne kwa wiki.

Kilichotuamsha ni kijana wetu wa kwanza, ana miaka 15. Si mtoto mbaya Shangazi, ila amebadilika, hapokei simu, Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, mara nimekuta ile sigara ya kuchaji kwenye begi. Alafu mwezi wa tatu wakapiga risasi hapa nje tunapopaki magari, rafiki yake akapigwa ya mguu, na wetu alikuwa amesimama naye dakika kumi kabla. Toka siku hiyo baba watoto neno lake ni moja tu, tuondoke, tutafute mji mdogo wenye watu wazuri.

Binamu yake yuko Lewiston, jimbo la Maine. Tulienda mwezi wa saba siku nne. Mji ni mdogo kweli, kuna mto mkubwa, viwanda vya zamani vya matofali, watu weusi wapo wengi kuliko nilivyofikiria. Siku ya pili tulienda kufua kwenye zile mashine za kulipia, baba watoto anaongea na kaka yake wa Bukavu kwenye simu, Kiswahili na Kifaransa humohumo. Kulikuwa na mzee wa kizungu anakunja mashuka yake, pembe kwa pembe, taratibu kama mtu wa hoteli (mimi ndo kazi yangu, nililiona). Akainua kichwa akamjibu kwa Kifaransa! Kifaransa cha ajabu, mume wangu anasema kama cha shambani cha zamani, mengine hakuyashika. Akatuambia mama yake alichapwa shuleni kwa kuongea hicho Kifaransa. Waliongea mpaka mashine yetu ikazima, akatubebea kapu mpaka kwenye gari.

Kesho yake saa nne asubuhi natembea na mtoto wetu wa mwisho, wa miaka miwili, mgongoni nimemfunga kitenge, pikapu ikapunguza mwendo, kijana akatoa kichwa akapiga kelele turudi kwetu, akatukana na tusi, wakaondoka wanacheka. Mtoto akalia kwa ile sauti. Sikumwambia baba watoto mpaka tumerudi Houston. Sasa Shangazi, Lewiston ni ya yule mzee au ni ya wale wa pikapu?

Kuna njia nyingine. Rafiki yake wa kambini yuko Iowa, mji wa kiwanda cha nguruwe, anasema kazi unapata ndani ya wiki, Kiingereza hawakuulizi, ovataimu ipo, na nyumba nzima yenye uwanja unapanga kwa hela tunayolipia hii apatimenti.

Mama mkwe amekataa kote kuwili. Anasema amehama mara nne, ziwa amelivuka usiku na mtoto kichwani, hahami tena. Hapa ana bustani yake ya lengalenga nyuma ya kanisa na wenzake wa Kibembe, wanakaa kivulini wanachambua mboga toka asubuhi.

Na mimi, nikuambie ukweli, sijui nataka nini. Nilikuwa naweka hela za upatu wa kina mama wa kwaya, wawili wakapokea zamu yao wakahama jimbo, hawakumaliza kulipa, sasa watu wanasema nilikula nao. Hiyo nayo ni habari nyingine. Nimechoka tu.

Tufanyeje Shangazi? Mji mdogo gani Marekani unapokea watu kama sisi, weusi, wakimbizi, Kiingereza cha kuokoteza?

Mama Wanne, Houston

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole kwa ile ya mwezi wa tatu, na pole kwa ile ya kitenge, maana hiyo uliibeba peke yako kutoka Maine mpaka Texas.

Nikusimulie ninavyoisikia barua yako, ukiona nimekosea unirekebishe. Unauliza mji, lakini ndani kuna maswali manne yamefungwa kanga moja. Kuna kijana, kuna kodi na usiku wa baba watoto, kuna mama mkwe, na kuna wewe na hela za kwaya. Kila moja lina mji wake. Ukitafuta mji mmoja wa kuyajibu yote manne utazunguka na lori la kukodi la U-Haul mpaka uzeeke.

Tuanze na Lewiston kwa sababu umeikanyaga. Umeuliza ni ya mzee au ya pikapu. Nadhani jibu unalijua, ila historia yake itakusaidia kulipima. Yule mzee ni uzao wa Wafaransa wa Kanada waliokuja kufanya kazi kwenye hivyo viwanda vya matofali ulivyoviona. 1919 Maine ilitunga sheria shule zifundishe kwa Kiingereza, ndo hizo fimbo za mama yake, na miaka ya 1920 Ku Klux Klan wa Maine, lile kundi la wabaguzi wa kizungu, waliandamana dhidi ya hao hao Wakatoliki wa Kifaransa. Yaani "rudini kwenu" waliambiwa watu wake kabla yako.

Alafu kuanzia 2001 wakaja Wasomali, na wao walikuwa wanahama kutoka miji mingine ya Marekani kama mnavyotaka kufanya nyie. 2002 meya wa mji akawaandikia barua ya wazi, kwamba waambiane wapunguze kuja, mji umezidiwa. Hebu fikiria unasoma hiyo barua gazetini na masanduku hujafungua. Wabaguzi wa nje wakanusa, Januari 2003 wakaja kufanya mkutano wao. Walifika kama thelathini. Siku hiyohiyo upande wa pili, pale chuo cha Bates, walikusanyika watu zaidi ya elfu nne kuwaunga mkono wageni. Lakini 2006 mtu akarusha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti, watu wako kwenye swala. Na 2015 vijana wa sekondari ya Lewiston, Wasomali na Wakongo na wazungu jezi moja, wakachukua ubingwa wa soka wa jimbo kwa mara ya kwanza. 2019 binti aliyezaliwa Somalia, ana miaka 23, akachaguliwa diwani.

Mji ni huohuo mmoja. Kwa hiyo mimi siulizi kama mji una wapumbavu, wapo, hata Kasulu walikuwepo. Nauliza siku mbaya ikija nani anatoka nje. Garden City, Kansas, 2016 FBI walikamata watu watatu waliopanga kulipua apatimenti za Wasomali wanaofanya kazi kiwanda cha nyama, na polisi wa mji hawakuishia kukamata, mkuu wao alienda kukaa na Wasomali wenyewe awaeleze. Hilo ni jambo la kupima. Ila nikuambie na upande wa pili, wale elfu nne wakishamaliza mkutano wanarudi majumbani kwao, na Jumanne ni wewe na mtoto mgongoni na barabara. Mimi niliishi miaka sita mji wa watu kama elfu nane, Minnesota. Jirani yangu alinisafishia theluji mlangoni kila inapoanguka, hata asante hakusubiri. Miaka sita hiyo sikuwahi kuingia ndani kwake. Sikuchukia wala sikulalamika, ila upweke ule nisingekuambia haupo.

Hapo ndo nataka nikuulize, unaposema mji unapokea, unampokea nani? Baba watoto atapokelewa popote penye kazi. Mtoto wa miaka miwili atapokelewa na mwalimu. Wewe ndo utakayetembea saa nne asubuhi, na mama mkwe ndo atakayekaa ndani kuanzia Novemba mpaka Aprili anaangalia dirisha. Baridi mlishaionja ile Februari 2021 umeme ulipokatika Texas, ila ile ilikuwa wiki. Mlienda Lewiston mwezi wa saba, mwanangu, mwezi wa saba kila mji una watu wazuri! Kama kuna hela ya tiketi moja tu, isiwe ya baba watoto tena, iwe yako, na iwe Februari.

Ukienda usimsikilize binamu sana. Simsemi vibaya, lakini binamu amekaa peke yake na anatamani ndugu, atakuonyesha mto. Watafute waliohama kutoka pale, uwapigie simu uwaulize walikimbia nini. Nenda ukakae kliniki saa moja uone dirishani wanaohudumia kuna sura kama yako hata mmoja, na mtu akibabaika Kiingereza wanampa mkalimani au wanampandishia sauti. Piga simu shuleni uulize wana walimu wangapi wa watoto wanaojifunza Kiingereza. Na angalia waliofika miaka kumi iliyopita kama wamenunua nyumba au bado wamepanga ghorofa ileile ya tatu ya nyumba ya mbao.

Hizo nyumba za mbao, nisimame hapo kidogo. Nyingi pale ni za zamani sana, na rangi za zamani zina madini ya risasi, yakimenyuka mtoto anatia mkono mdomoni. Lewiston imesumbuliwa sana na watoto kukutwa na hayo madini kwenye damu, na wa kwako ana miaka miwili, umri uleule wa kulamba madirisha. Usisaini lizi, yaani mkataba wa kupanga, bila kuuliza hiyo nyumba imepimwa lini, na karatasi uione kwa macho, wasikuambie tu imepimwa. Uliza na mafuta ya kupashia nyumba analipa nani, maana kodi inaweza kuonekana rahisi mwezi wa tisa alafu mwezi wa kwanza ukaletewa tangi la kujaza.

Mama mkwe umemwandika kama mkaidi, au labda mumeo ndo anamsema hivo. Mimi namsikia vingine. Mtu aliyevuka Tanganyika usiku ana haki ya kuuliza kivuli na lengalenga atavipata wapi. Na pengine kuna jibu: pale Lewiston wako Wasomali Bantu, na kati ya Wasomali Bantu wapo wenye asili ya Wazigua, mababu zao walichukuliwa kutoka upande huu wetu wa Tanzania, Kizigua wapo wanaokiongea mpaka leo na wengine waliopita kambi za Kenya Kiswahili wanakijua. Wanalima nje ya mji, mahindi na mboga. Bibi akipigiwa vidio na bibi mwenzie ameshika jembe, hayo ni mazungumzo tofauti na kuambiwa "tunahama". Inawezekana bado akakataa, hiyo nayo mjiandae. Kumwacha na wenzake wa kanisa ni njia, lakini ni nani atampeleka hospitali? Na kumbeba kwa nguvu, utaishi naye baridi nzima kwenye chumba kimoja. Sikuchagulii.

Iowa sasa. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii miji ya viwanda vya nyama jembe unapewa siku ya kwanza, na sio utani, ina heshima yake, hela inaonekana, na wapo Wakongo wamesomesha watoto kwa kisu hichohicho. Ila mikono inaisha. Muulize huyo rafiki vidole vyake asubuhi vinafunguka vizuri. Muulize na kiwanda kikifunga wataenda wapi, kwa sababu Perry, Iowa, mji wa watu kama elfu nane, kampuni ya nyama ya Tyson walifunga kiwanda cha nguruwe katikati ya 2024 na kazi kama 1,300 zikaondoka siku moja, sasa ile nyumba yenye uwanja unailipia na nini. Mji wenye mwajiri mmoja unakuhitaji, hiyo ni kweli, lakini usichanganye na kupendwa. Nikisikia una mpango huo ningependa kujua wewe mwenyewe utafanya kazi gani pale.

Kuna miji mingine iliomba wageni yenyewe. Missoula, Montana, wananchi waliona ile picha ya mtoto wa Syria aliyekufa maji 2015, wakadai ofisi ya wakimbizi ifunguliwe kwao, na familia za kwanza kufika 2016 zilikuwa za Wakongo. Sikuambii nenda, nyumba kule bei yake utashika kichwa. Nakutajia ujue kwamba kuna mji uliokuita, kuna mji unaohitaji mikono yako, na kuna mji ambao ndugu zako wameshapasua njia, na makaribisho yake hayafanani.

Na kuna njia hamkuiandika kabisa, kubaki Houston lakini si hapo. Mtaa mwingine, shule nyingine, baba watoto atafute shifti ya mchana hata kwa dola moja pungufu. Kodi haitashuka, hiyo hasara naijua. Lakini mama mkwe anabaki na kivuli chake na wewe unabaki na kazi. Au baba atangulie peke yake miezi sita, wengi wanafanya hivo, ila kijana wa 15 kukaa bila baba miezi sita katika hali mliyonayo, mmh, mlifikirie mara mbili.

Mambo ya karatasi nipite haraka. Mkihama popote, USCIS, yaani idara ya uhamiaji, wajue anwani mpya ndani ya siku kumi, kila asiye raia na yake. Kama kuna ambaye hajaomba uraia, ajue atatakiwa awe ameishi jimbo jipya miezi mitatu ndo apeleke fomu. Stempu za chakula na Medicaid, ile bima ya afya ya serikali ya wenye kipato kidogo, zinaendeshwa na kila jimbo, mnafunga Texas mnaanza upya kule. Maine ilipanua Medicaid ichukue na watu wazima wa kipato kidogo, Texas haikufanya hivo, kwa hiyo ukilinganisha kodi linganisha na bili za hospitali.

Sasa ile "habari nyingine" yako. Umeiweka mwishoni kama mtu anayeficha sahani iliyovunjika chini ya nyingine, na mimi naona ndo imekuchosha kuliko kodi. Kama hukula hela za kina mama, na nakuamini, basi daftari lipo, majina yapo. Kuna mama mmoja wa kwaya asiye na maneno mengi, wapo kila kwaya, kaa naye mfungulieni hilo daftari. Nasema hivi si kwa ajili ya Houston tu. WhatsApp inafika Lewiston kabla yako, na kule kama familia za kwetu ni ishirini, kanisa ni moja, ukinuniwa huna pa kuhamia kuimba. Huku mkigombana kuna kwaya nyingine barabara ya pili. Inawezekana unahitaji kuhama, sikatai. Ila jiulize ukilala, hizo aibu zingekuwa zimeisha kesho asubuhi, bado ungetaka kufunga masanduku?

La mwisho ni kijana. Wewe na baba mmechukulia kwamba hii shida iko Houston na ataiacha hapo. Pengine. Mtoto wa 15 akitolewa kwa marafiki wote katikati ya sekondari anaweza kupumua, na anaweza kukasirika miaka miwili, na sigara ya kuchaji hata Maine inauzwa. Soka lao linaweza kumshika kama anacheza, hujaniambia kama anacheza. Kwa kweli hujaniambia lolote kutoka mdomoni mwake. Barua ina maneno ya baba watoto, ya mama mkwe, ya binamu, ya mzee wa mashuka, mpaka ya wale wa pikapu. Jumapili hii baba akiwepo, kaangeni samaki, simu zote ziwekwe juu ya kabati pamoja na ya baba, alafu kabla hamjamuuliza habari za kuhama, muulizeni yule rafiki yake mguu unaendeleaje.

Shangazi